Seremala wa Lynchburg Aliyekataa Bunduki

Ukimtaja Desmond Doss mbele ya watu waliotazama filamu ya Hacksaw Ridge, watakusimulia habari za siku moja. Jumamosi ya Mei 5, 1945, juu ya genge la Maeda katika kisiwa cha Okinawa, tabibu wa jeshi asiyebeba silaha yoyote aliwateremsha kwa kamba wenzake waliojeruhiwa, mmoja baada ya mwingine, risasi zikivuma. Habari hiyo ni ya kweli na inastahili kusimuliwa. Lakini mtu huyu aliishi miaka 87. Kabla ya genge lile alikuwa fundi seremala. Baada yake, kwa zaidi ya miaka 60, alikuwa mgonjwa, mlemavu, mkulima mdogo, mume, baba na mzee wa imani. Mimi naona hiyo miaka ya baadaye ilimdai ujasiri mwingi kuliko siku ile ya Okinawa, na ndiyo maana sitaki habari zake zikomee kule juu ya mwamba.

Alizaliwa Februari 7, 1919 katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia nchini Marekani. Baba yake, William, alikuwa seremala. Mama yake, Bertha, alifanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, na ndiye aliyewalea watoto katika Usabato. Nyumbani kwao ilitundikwa picha yenye Amri Kumi, ambayo baba aliinunua mnadani. Penye amri ya sita mchoraji alimweka Kaini akiwa amesimama, nduguye Abeli amelala chini amekufa. Desmond alisimulia ukubwani kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akivuta kiti na kukipanda ili aitazame picha hiyo kwa karibu, akijiuliza ndugu anawezaje kumtendea nduguye jambo kama lile. Swali hilo la mtoto ndilo alilokwenda nalo jeshini.

Hakusoma sana. Alimaliza darasa la nane katika shule ya kanisa lao. Marekani ilikuwa imekumbwa na ule mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, kwao fedha hakuna, basi akaajiriwa kwenye kampuni ya mbao mjini Lynchburg ili asaidie nyumbani. Baadaye alihamia Newport News, pwani ya Virginia, kwenye kiwanda kikubwa cha kuunda meli, akawa fundi wa kazi za mbao. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba meli ni chuma na moto wa kuchomelea asishangae. Ndani ya chuma hicho mabaharia wanalala, wanakula na kuhifadhi vitu vyao, na kazi ya kuwatengenezea hayo yote ni ya mtu mwenye msumeno, randa na patasi.

Kazi ile ingetosha kumwepusha na vita. Waundaji wa meli walihitajika mno, na Doss aliambiwa kwamba kwa kuwa yuko kiwandani hapo anaweza kuombewa asiitwe jeshini. Alikataa. Aliona si haki vijana wenzake waende kufa naye abaki akiwa salama, ilhali ana mwili wenye afya. Aprili 1, 1942 akaingia jeshini. Hapa watu wengi humwelewa vibaya: wanadhani alikuwa mtu aliyekataa vita. Kwa sheria za Marekani aliandikishwa kama mkataa silaha kwa ajili ya dhamiri, na jina hilo hakulipenda. Alisema yeye anashirikiana na jeshi kwa dhamiri yake. Alivaa sare, alipiga saluti, aliamini nchi yake inapigana vita vya haki. Alichokataa ni kimoja: kuua mtu kwa mkono wake. Akaomba awe tabibu.

Kwetu huku msimamo huo hauhitaji maelezo marefu. Wasabato wako Upare tangu 1903, wako Gendia kando ya Ziwa Viktoria tangu 1906, na leo ukipita Mara, Kisii au Same utakuta vibanda vya mafundi na maduka yamefungwa tangu jua la Ijumaa linapozama hadi la Jumamosi linapozama. Tunawajua wanaopoteza wateja kwa sababu hiyo, na wanafunzi waliotakiwa kufanya mitihani siku ya Sabato. Kanisa lenyewe lilianzishwa rasmi mwaka 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo swali la Mkristo na bunduki lilikuwapo tangu mwanzo. Jibu walilolichagua wengi wao lilikuwa kutumika bila silaha, na kufikia mwaka 1934 walikuwa wameanza kuwafundisha vijana wao huduma za tiba za kijeshi ili wakiitwa wawe na kazi ya kufanya.

Jeshi halikumpokea vizuri. Badala ya kupelekwa kwenye tiba alipangwa kwanza na askari wa bunduki, katika Divisheni ya 77. Kambini Fort Jackson, South Carolina, akipiga magoti usiku kando ya kitanda chake, wenzake walimrushia viatu. Mmoja alimwapia kwamba wakifika vitani atampiga risasi yeye mwenyewe. Maofisa walijaribu kumwondoa jeshini kwa hoja kwamba hana akili timamu. Naye akawajibu kwamba hawezi kukubali aitwe mwendawazimu kwa sababu ya dini yake. Kapteni Jack Glover, aliyekuja kuwa mkuu wake, alitaka ahamishwe asiwe mzigo kwa wengine. Doss hakubishana nao sana. Alipewa kazi ngumu za usafi na akazifanya. Askari waliochubuka miguu kwa matembezi marefu, wakiwemo waliomtukana, aliwaosha malengelenge na kuwafunga. Nadhani hapo ndipo ule ufundi wake unapoonekana. Seremala hafundishwi kubishana na ubao wenye fundo. Anaugeuza, anautafutia upande, anaendelea na kazi.

Agosti 17, 1942 alimwoa Dorothy Schutte, naye Msabato, na Dorothy akampa Biblia ndogo ya kubeba mfukoni. Waliagana baadaye bila kujua kama wataonana tena.

Vita vyake havikuanzia Okinawa. Mwaka 1944 alikuwa Guam, kisha Leyte nchini Ufilipino, akiwafuata majeruhi mahali ambapo wengine hawakuthubutu kufika, na kwa kazi hiyo akapewa nishani za Nyota ya Shaba. Kufikia hapo hakuna aliyemrushia kiatu. Kwenye kombania hapana kinachobadili maneno ya askari upesi kama kumwona tabibu akitambaa kumfuata mwenzao anayelia.

Mwisho wa Aprili 1945 batalioni yake, ya Kwanza ya Kikosi cha 307, ilifika Maeda. Hati ya nishani yake inalitaja genge hilo kuwa na kimo cha futi 400, yaani mita 120 hivi. Juu yake Wajapani walikuwa wamechimba mahandaki na mapango yaliyounganishwa, hivi kwamba sehemu uliyodhani umeiteka asubuhi inakupiga risasi mgongoni adhuhuri. Wamarekani walipanda kwa nyavu za kamba. Ile Mei 5 ilikuwa Sabato, na Doss ndiye tabibu pekee aliyebaki kwenye kombania B. Walimwomba aende. Alikubali, akisema Kristo aliponya watu siku ya Sabato, ila aliomba kwanza muda wa kusali. Jeshi likamngojea.

Shambulio lilipovunjika na amri ya kurudi nyuma ikatolewa, waliokuwa na uwezo wa kutembea waliteremka. Yeye alibaki na waliolala chini. Aliwavuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akamfunga kila mmoja kamba yenye vitanzi viwili vya kupitisha miguu, akaizungusha kifuani, kisha akaizungusha kwenye kisiki na kumteremsha polepole. Fundo lile alilivumbua mazoezini miaka kadhaa nyuma, alipokuwa akijifunza kufunga kamba, vitanzi viwili vikatokea bila kutarajiwa. Kila alipomfikisha mmoja alimwomba Mungu amsaidie kumpata mmoja tena.

Aliwaokoa wangapi? Jeshi lilipiga hesabu: walipanda 155 hivi, walioteremka kwa miguu yao 55, kwa hiyo alishusha 100. Doss alikataa. Alisema haiwezekani wakawa zaidi ya 50. Wakakubaliana waandike 75, na idadi hiyo ndiyo iliyoko kwenye hati rasmi. Sisi ambao tumezoea kuona sifa zikiongezwa chumvi tunapaswa kutulia hapa kidogo. Mtu amewekwa mbele ya heshima kubwa kuliko zote ambazo jeshi la nchi yake linaweza kumpa, naye anadai ipunguzwe.

Usiku wa Mei 21, katika shambulio jingine, bomu la mkono lilianguka miguuni pake. Vipande 17 vya chuma vilimwingia. Alijifunga mwenyewe vidonda, akasubiri saa tano hadi wabeba machela walipomfikia. Wakiwa njiani walishambuliwa, naye alipomwona majeruhi aliyeumia zaidi alijibingirisha kutoka kwenye machela akawaambia wamchukue yule. Alipokuwa akisubiri msaada mwingine, risasi ilimvunja mkono. Basi akachukua bunduki iliyotupwa, akakifunga kitako chake kwenye mkono ili mfupa usicheze, akatambaa mita 270 hivi hadi kituo cha tiba. Kitako cha bunduki ni mbao. Katika miaka yote mitatu ya jeshi hiyo ndiyo kazi pekee aliyoipa bunduki, na ni kazi ambayo seremala yeyote angeifikiria: ubao ulionyooka, wa urefu unaofaa, wa kushikilia kilichovunjika.

Alipokuwa kwenye meli ya hospitali aligundua kwamba Biblia ya Dorothy imepotea. Alituma ujumbe kwa wenzake. Askari wale wale waliomcheka kambini walirudi kwenye uwanja wa vita, wakaitafuta mpaka wakaipata, wakamtumia.

Oktoba 12, 1945, Rais Harry Truman alimvisha Nishani ya Heshima katika Ikulu ya Marekani. Alikuwa mkataa silaha wa kwanza kuipata, na pekee katika vita vile vya pili vya dunia. Wengine wawili, matabibu Thomas Bennett na Joseph LaPointe, waliipata kwa ajili ya Vietnam, wote wakiwa wamekwisha kufa vitani mwaka 1969.

Okinawa yenyewe ilibaki kaburi. Katika bustani ya kumbukumbu huko Mabuni, kusini mwa kisiwa, mawe yaliyosimamishwa mwaka 1995 yamechongwa majina zaidi ya 240,000, ya Waokinawa, Wajapani, Wamarekani na wengineo pamoja, bila kujali nani alikuwa adui wa nani. Wengi mno ni raia wa kisiwa hicho. Sioni jinsi mtu anavyoweza kusimulia wema wa mtu mmoja juu ya genge la Maeda akanyamaza kuhusu majina hayo.

Sherehe zilipokwisha, Doss alikuwa kijana wa miaka 26 mwenye mke, na mtoto wa kiume akazaliwa mwaka 1946. Mpango wake ulikuwa rahisi: arudi kwenye useremala. Mkono ukakataa. Ile risasi ilikuwa imeuharibu mno, na randa haiendeshwi kwa mkono mmoja. Mmoja unasukuma, mwingine unaongoza, na ubao ukiyumba kazi imeharibika. Fundi yeyote anayesoma hapa atajua kilichompata. Mtu huyu tangu utoto wake alijua kujitegemea kwa mikono yake, na sasa analipwa na serikali kwa sababu mikono hiyo haifanyi kazi.

Mwaka huo huo wa 1946 madaktari walimkuta na kifua kikuu, ambacho aliaminika kukipata Leyte. Wasomaji wetu wanaujua ugonjwa huu. Leo mgonjwa anameza dawa kwa miezi sita, na wengi hupona wakiendelea kuishi majumbani mwao. Wakati ule dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vyake ilikuwa ndiyo kwanza inajaribiwa, na tiba ya kawaida ilikuwa kulala, kusubiri, na kisu. Doss alitibiwa kwa zaidi ya miaka mitano, akitoka hospitali moja kwenda nyingine. Walimtoa pafu la kushoto na mbavu tano. Alipoachiwa mwaka 1951 aliandikiwa ulemavu wa asilimia 90. Mbali ya mkono, sasa hata vumbi la mbao lilikuwa adui yake.

Katika miaka hiyo mtu wa kutajwa ni Dorothy. Filamu ilimfanya awe muuguzi tangu siku walipokutana. Ukweli ni mzito zaidi. Alisomea uuguzi baada ya vita, mumewe akiwa hawezi tena kutegemewa kwa kipato, na akafanya kazi hiyo ili nyumba isimame. Hakuna rais aliyemvisha Dorothy chochote. Wote wawili walikuwa na imani moja, na naona imani ya mama huyu ilijaribiwa kwa njia isiyo na mashahidi wengi: zamu za usiku, mtoto mdogo, mume wodini, miaka ikipita.

Waliishi Rising Fawn, Georgia, karibu na mlima Lookout, kwenye shamba dogo. Doss alifanya alichoweza. Alilima, alifanya kazi za hapa na pale kadiri pumzi ilivyoruhusu, alitumika kanisani, alizungumza na vijana walipomwita. Mwaka 1976 ukaja msiba mwingine: dawa za viuavijasumu alizopewa kwa wingi kupita kiasi zilimwondolea usikivu. Akawa kiziwi kabisa kwa miaka 12, mpaka mwaka 1988 alipopandikiziwa kifaa cha kumsaidia kusikia. Kwa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kuna familia ambamo yupo aliyetibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za kila siku, akapona kifua akabaki haisikii adhana wala kengele. Huwa tunampongeza kwa kupona, tunasahau kumzungumzisha.

Namfikiria Doss nikiwafikiria pia wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles. Miezi ile ile ambayo Divisheni ya 77 ilikuwa Leyte, askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa Burma wakipigana na jeshi hilo hilo la Japani, wakipita bonde la Kabaw kwenye matope na malaria hadi Kalewa mwezi Desemba 1944. Nao walikuwa na matabibu na wabeba machela wao. Nao walirudi nyumbani, wengine wakiwa mafundi waashi, madereva, waseremala, wengine wakiwa wameharibika miguu na vifua. Kwao hapakuwa na Oktoba 12. Wengi walipewa malipo madogo ya kuagwa, wakarudi chini ya utawala ule ule wa kikoloni, na waliyoyaona hayakuandikwa. Waliobaki wa kusimulia ni wana na wajukuu, na katika nyumba nyingi kitabu cha jeshi cha babu bado kiko sandukuni. Anayekijua kilipo akitoe, aandike jina, namba na mahali, awaulize wazee wa ukoo yale wanayoyakumbuka, kabla nao hawajaondoka.

Novemba 1991 Doss alikuwa akimpeleka Dorothy hospitali kwa matibabu ya saratani. Gari likapoteza mwelekeo, likapinduka, Dorothy akafa. Aliyekuwa kwenye usukani ni mumewe. Mtu aliyeomba aokoe mmoja tena, na mmoja tena, hakuweza kumwokoa huyu. Sijui ni maneno gani mtu anaweza kumwambia mzee wa miaka 72 siku kama ile. Mwaka 1993 alimwoa Frances Duman, wakaishi pamoja mpaka Machi 23, 2006, alipofariki Piedmont, Alabama. Ugonjwa wa mwisho ulikuwa wa kupumua. Lile pafu moja lilikuwa limemtumikia zaidi ya nusu karne.

Kwa miaka mingi watengenezaji filamu walimfuata naye akawakatalia, akihofia kwamba wataongeza yasiyokuwapo. Hofu yake ilikuwa na msingi. Alikubali uzeeni, na filamu ya kumbukumbu ikatoka mwaka 2004 ikiwa na sauti yake mwenyewe, pamoja na ya Kapteni Glover, yule aliyetaka ahamishwe, akikiri kwamba Doss alikuwa miongoni mwa watu mashujaa kuliko wote aliowajua. Hacksaw Ridge ya Mel Gibson ilitoka 2016, miaka kumi baada ya kifo chake. Ni filamu nzuri, lakini inaruka Guam na Leyte, inabuni kesi ya kijeshi ambayo haikufika mbali hivyo, na kwa sehemu kubwa inaishia Okinawa.

Natamani mtu atengeneze ya pili. Ianze mwaka 1946 katika wodi ya kifua kikuu, seremala akiwa amelala, mkono wa kushoto haukunjiki vizuri, nishani iko nyumbani kabatini. Na mhusika mkuu awe Dorothy, akitoka darasani kwa wauguzi, akipanda basi kwenda kumtazama.